Kuvuka hadi Schiermonnikoog

Bandarini Schiermonnikoog,
Jumatatu

Kaka Wytse,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Jeltsje. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila mkono wa kushoto bado mzito tangu kile kiharusi.

Najua umenitafutia mnunuzi wa mashua. Kabla hujamjibu, nisikilize.

Juzi niliondoka Lauwersoog kuja kisiwani huku nikiwa nimechelewa. Nilifuata maboya, lakini mchanga umehama tangu mwaka jana. Nilipokata kona mapema kidogo, mashua ikapanda fungu la mchanga ikanasa, na maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa. Mzee mmoja Mjerumani akapita mkondoni na mashua yake, akapaza sauti: "Mama, hapo hata bata anatembea!"

Nikamjibu, "Basi mwambie aje tunywe kahawa!"

Akacheka, akauliza kama aniitie waokoaji. Nikamwambia nanga ninayo, chakula ninacho, na maji yatarudi yenyewe.

Bahari ikakauka pande zote. Nikavaa buti, nikashuka, nikaipeleka nanga mbali matopeni. Maji yaliporudi, upepo ulikuwa umekaza. Mawimbi mafupi yakawa yanaigongesha mashua chini hadi vikombe vikavunjika. Niliogopa, Wytse. Ilibidi nipunguze tanga, nikazifunga kamba kwa mkono wa kulia na meno, huku nateleza na kutukana, mpaka fundo likashika. Mashua ilipoelea nikavuta kamba ya nanga kidogo kidogo, kila mara nikiibana kwa goti, hadi mashua ikatoka funguni.

Nilipoingia bandarini, mama msimamizi alipokea kamba yangu, akachungulia ndani, akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia sina.

Na wewe nakwambia sasa. Ulipopiga simu nikasema Hidde amelala, nilikudanganya. Mume wangu aliondoka mwezi wa tatu, anaishi Groningen na mwanamke mwingine. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunihamishia kwako na mashua ingeuzwa wiki hiyohiyo.

Mwambie huyo mnunuzi hapana. Hali ya hewa ikiruhusu, kesho kutwa naelekea kisiwa cha Ameland.

Wabusu wifi na wanao kwa niaba yangu. Usije kunichukua. Ila ukitaka kusafiri nami, njoo. Kitanda cha Hidde kiko wazi, na mto wake nimeshautupa.

Mdogo wako,
Fokje