Makaa ya Sotet Yako

Mpendwa Kogo,

Nina kinyaa ambacho hakitoki hata nikipiga mswaki mara tatu, na wewe, nyanya yangu, ndiye wa kwanza kuambiwa.

Unakumbuka siku niliyokusomea lile jarida la sayansi, kabla ya mtihani wangu wa kidato cha nne? Hospitali ilikuwa imesema una saratani ya titi. Nikakuambia seli za titi zimeugua. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Seli? Mimi sijaiba ng'ombe ya mtu, Chepng'eno. Askari atanifungia nini?" Nikaeleza kwamba hizi seli ni vyumba vidogo sana vilivyojenga mwili, na kwamba watafiti wanatengeneza vipovu vya mafuta, vidogo kuliko seli yenyewe, vibebe dawa mpaka palipo na ugonjwa bila kuunguza mwili mzima. Hukuelewa. Ulikuwa unasugua ndani ya sotet, kibuyu chako cha maziwa, kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa. Nikasema, "Ni kama haya makaa, Kogo. Maziwa yanayabeba mpaka tumboni."

"Sasa umesema kitu," ukajibu.

Wiki chache baadaye, sokoni Chebunyo, mwanamume mwenye koti jeupe lenye doa la mchuzi alikuwa akitangaza unga mweusi. "Dawa ya kisasa! Punje ndogo kabisa, inaingia mpaka ndani ya seli!" Alichovya kidole kwenye kopo, akakilamba, akachovya tena kilekile. Ukanigeukia: "Chepng'eno, si ni ile yako?" Watu wakatutazama. Nilijua dawa ya jaridani haiuzwi sokoni kwa kijiko. Lakini aibu ilinibana, nikaangalia viatu vyangu. Ukadhani nimekubali, ukanunua kopo.

Ukaacha kwenda hospitali. Kila asubuhi ulikoroga unga ule kwenye maziwa, huku kidonda cha titi kikinuka mpaka mama akawa anafua shuka zako mara mbili kwa siku. Mimi ndiye niliyeshika kikombe. Siku uliyokufa, midomo yako ilikuwa bado myeusi.

Juzi nilipata lile kopo chini ya kitanda chako. Nikalamba. Kogo, ni makaa ya senetwet! Ladha niliyokua nayo. Yule mtu alikuuzia makaa ya kibuyu chako mwenyewe. Nilitapika nyuma ya boma.

Siku ya soko nikaenda. Alikuwa palepale, kidole mdomoni, akimnyooshea kopo mama mzee mmoja. Nikasema: "Hiyo ni makaa ya sotet."

"Kasichana, wewe ni daktari ya wapi?" akacheka.

Sikuangalia viatu. "Lamba tu, Kogo," nikamwambia yule mama. Akalamba, akatema. "Woi! Si hii iko kwangu jikoni!" Wengine wakalamba, wakatema, mpaka lile koti jeupe likajaa madoa meusi, naye akakusanya makopo yake akaondoka akitukana.

Leo mama ameniambia nitengeneze mursik, maziwa ya sotet, kwa wageni wa Jumapili. Nimeosha sotet yako, nimechoma kijiti, lakini mkono unakataa kukiingiza. Yale maneno machache niliyomwambia mama nisiyemjua ndiyo niliyopaswa kukuambia wewe, Kogo. Nilichelewa nayo.

Lala salama.

Mjukuu wako, aliyekushikia kikombe.