Mbaazi za Shangazi

Dada Zuhura mpenzi,

Hili sijamwambia mtu: mbaazi za nazi ambazo majirani wa hapa Jadida humletea Shangazi, nazila mimi. Tangu amalize mionzi ya nyonga kwa saratani ya kizazi, akizionja tu tumbo linamwendesha, na kumrudishia jirani chakula chake ni aibu. Leo tulifuata majibu ya damu. Kama yangeonyesha utumbo bado una uvimbe ulioletwa na mionzi, angelazwa tena. Umepungua, alhamdulillahi! Jirani yetu Bi Mwanaidi kusikia hivyo akapiga kigelegele: "Mbaazi zangu hizo! Kesho naleta sufuria nzima." Shangazi akaficha kicheko kwenye kanga. Mimi nimeshanenepa mashavu. Nawapenda nyote, lakini tafadhali, hata Mama asijue.

Mdogo wako, Rahma