Kompyuta Imempa Marehemu Meno Meupe

Shikamoo mshauri, pole na kazi ya kutusikiliza sisi wenye matatizo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimefika mahali simu ikiita tu roho inashtuka.

Mimi naitwa Judica, nina studio ndogo ya picha hapa Katesh, napiga pasipoti, kipaimara na harusi, kamera naijua vizuri ila kuhariri kwenye laptop ndiyo bado najifunza. Kuna mama mmoja wa Nangwa tunamwita Mama Gidion, na huyo Gidion alikuwa mwanawe wa pekee, alichukuliwa na tope la mto Jorodom lililoporomoka kutoka mlimani Desemba ile ya 2023, nyumba ikaenda na kila kitu, picha zote na simu yake pia, ikabaki picha moja tu iliyokuwa ukutani kwa shangazi yake Endasak, Gidion anacheka mpaka meno yote yanaonekana. Sasa mama amejenga tena huko Nangwa, picha ameichukua kwake, Jumamosi padri anakuja kubariki nyumba, na mama anataka nimtolee picha hiyo iwe kubwa, iwe sebuleni watu wakiingia, na mimi nikakubali.

Shida ni kwamba ile picha imegandana na kioo cha fremu kwa unyevu, ukijaribu kuibandua uso unabaki kwenye kioo, kwa hiyo nikaipiga hivyo hivyo ikiwa ukutani, na kioo kikaonyesha kila kitu, mlango uliokuwa wazi, mimi na blauzi yangu nyeupe, na Mama Gidion mwenyewe amesimama nyuma yangu na kitenge chake anamwangalia mwanawe huku anatabasamu. Nikajiambia si neno, programu ya kuhariri ina sehemu ya kuondoa mng'ao wa kioo, nikafungua picha niliyokuwa nimejirushia kwa WhatsApp, ile sehemu ikakataa hata kubonyezeka, nimezima laptop nikawasha, nimeweka programu upya, wapi! Baadaye nikakumbuka inataka raw, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoiona, haijabanwa, na bahati nzuri ilikuwepo kwenye kadi, nikaifungua ikakubali, lakini kile kitufe cha kuburuta nikikipeleka mpaka mwisho mng'ao unafifia tu na pale mdomoni kwa Gidion panabaki doa jeupe la mlango, na nikikivuta upande wa pili ndiyo mbaya zaidi, Gidion anafutika anabaki mama yake.

Hapo ndipo nilipoharibu, mshauri. Nilichukua programu nyingine ya akili bandia, ile inayojaza palipoharibika, ikanitolea kijana mzuri kweli kweli, meno meupe pee, wakati Gidion meno yake yalikuwa ya kahawia kama ya wengi wetu tuliokulia kwenye maji ya huku, na mama alipokuwa ananionyesha ile fremu aliniambia, "Ona hayo meno. Huyo ndiye mwanangu mwenyewe." Nikampigia simu nikamwambia picha iko tayari. Alilia kwa furaha, akasema yeye na mwanawe hawakuwahi kupiga picha pamoja hata moja, kwa sababu yeye mama akiona kamera alikuwa anakimbilia jikoni, basi hii itamtosha. Tangu hapo silali. Nimpe hii yenye meno meupe, labda hataona, au nimwambie ukweli niaibike?

Judica, Katesh

JIBU

Marahaba Judica, na pole. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Hataona? Mama aliyemnyonyesha na kumwogesha, aliyemwona akicheka tangu meno ya kwanza, eti hataona! Unataka kumtundikia ukutani mtoto wa kompyuta kisha padri amnyunyizie maji ya baraka. Huyo kijana mzuri mfute leo, usimbakize hata kwa kumbukumbu. Mimi mwenyewe nikicheka utajua nimekunywa maji ya wapi, na siku nikifa atakayening'arisha meno nitamtokea ndotoni.

Hata hivyo wewe si mwongo mzoefu, maana mwongo mzoefu haandiki barua. Uliogopa kumvunja moyo mama ambaye amekwisha kuvunjwa vya kutosha. Nakuelewa kabisa, mwanangu. Na bado hujachelewa.

Mambo ya laptop nimempelekea Gervasi, anayetupigia picha hapa gazetini. Alicheka kwanza, kisha akasema programu yako haina ugonjwa wowote. Picha ya WhatsApp ilikataliwa kwa kuwa si raw. Raw nayo ilishindwa kwa kuwa mwanga wa mlango uliunguza pale mdomoni, na palipoungua hakuna kitu chini yake. Programu inaweza kupunguza kinachofunika, lakini ambacho kamera haikukiona haiwezi kukirudisha, itabuni tu, na umeona inavyobuni.

Kwa hiyo kesho panda bodaboda uende Nangwa. Kabla hujagusa kamera, kaa chini useme: "Shikamoo mama. Nilikuambia picha iko tayari, haikuwa tayari. Naomba niipige tena." Atanuna kidogo, ana haki. Halafu atakuwekea chai, unywe. Kisha funga huo mlango, mwanga wa dirisha la pembeni unatosha. Tundika blanketi jeusi nyuma yako, na blauzi nyeupe iache Katesh, vaa nguo nyeusi. Flashi zima. Simama upande kidogo, usikikabili kioo uso kwa uso, na punguza mwanga kwenye kamera ili pasiungue tena. Piga raw, na safari hii picha irudi ndani ya kadi, WhatsApp iache na salamu zake. Mng'ao utakaobaki utakuwa mwembamba. Buruta kile kitufe taratibu macho yako yakiwa kwenye meno, na yakianza kuwa meupe, rudi nyuma.

Hiyo ndiyo picha ya sebuleni. Lakini Judica, barua yako umeiandika bila kuisoma. Umelalamika kwamba ukivuta kitufe upande wa pili anabaki mama, amesimama na kitenge chake, anamtabasamia mwanawe. Kisha ukaniambia hawa wawili hawana picha pamoja hata moja. Wanayo! Iko kwenye kadi yako, ile ile unayosema imeharibika, maana siku hiyo kamera ilikuwa imeelekea ukutani na mama hakukimbilia jikoni.

Irudie hiyo ya kwanza. Acha kitufe katikati, mahali ambapo wote wawili wanaonekana. Wewe na blauzi yako jikate pembeni. Ichapishe ndogo, umkabidhi Jumamosi wageni wakishaondoka. Na doa la mlango liache hapo hapo mdomoni, usilihangaikie. Meno ya mwanawe anayajua.