Nimemtangazia Fundi wa Sola Halbadiri

Munje, karibu na msikiti wa chini,
Msambweni, Kwale.
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Yusra,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba mwanangu. U hali gani huko Maskati? Kifua kimepona? Unakula? Ile feni ya chumbani bado inakupuliza usoni? Sogeza kitanda, usingoje kuambiwa na tajiri wako.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba yako sasa anakaa barazani anagombana na redio, na akigombana na redio ujue ni mzima. Nasema sasa kwa sababu alianguka na hatukukwambia. Usilie, soma mpaka mwisho.

Ile sola uliyotununulia ilikufa. Fundi Abdulrahim wa Mwabungo, yule mwenye duka Ukunda, aliifunga, akapiga picha juu ya paa letu, akala wali wangu wa nazi na samaki wa kupaka, akaondoka na dua zangu. Hazikupita siku nyingi, kile kisanduku cha ukutani kikaanza kulia pii pii kila magharibi na taa nyekundu inawaka. Halafu giza, na friji kimya. Nawe unajua friji ile si ya juisi. Ni ya dawa ya sindano ya baba yako, ile ya sukari, isiyotaka joto.

Nikampigia. Akasema, "Kesho inshallah, mama." Kesho yake akasema yuko hotelini Diani. Baadaye simu ikawa inaita tu. Nikimpigia kwa simu ya jirani yetu Bi Twaiba anapokea, akisikia ni mimi anasema, "Haloo? Haloo? Sikusikii mama, mtandao!" na mimi namsikia mpaka jogoo anayewika nyuma yake. Nikaenda Ukunda mwenyewe na jua lile. Msichana wa dukani akaniambia fundi ametoka sasa hivi. Viatu vyake viko mlangoni, Yusra! Vile vya kahawia alivyovivua kwangu.

Dawa tukaiweka kwenye friji ya soda, dukani kwa Mwero kule barabarani. Baba yako akawa anakwenda kujidunga nyuma ya kreti, kama mtu anayeficha aibu. Mwero akafunga duka akaenda mazikoni Bodo, akalala huko. Baba yako akakosa sindano ya jioni, akakosa na ya asubuhi. Nikamkuta ameanguka uani, mdomo umekauka, anahema. Tukambeba kwa tuktuk mpaka hospitali, akalazwa. Nilipokuwa namfuta jasho nikasema moyoni, Abdulrahim, mimi na wewe hatujamalizana.

Aliporuhusiwa tu, nikaenda kwa Maalim Ramadhani. Nikamwambia nataka isomwe Halbadiri, kisomo cha kumshitaki aliyetudhulumu kwa Mungu. Akavua miwani.

"Mwanapili, unaijua hiyo unayoitaka? Haichagui uso. Inamfuata mwenye kosa, awe nani."

Nikamwambia, "Basi njia ya Mwabungo itaijua."

Si unajua haisomwi kimya kimya. Inatangazwa kwanza, ili mwenye kosa apate kujitokeza. Ijumaa baada ya swala ikatangazwa: dhuluma imefanyika katika nyumba yetu, ya Mzee Boga, mwenye nayo aje aitoe kabla ya Ijumaa ijayo, asipokuja inasomwa. Jina halikutajwa, maana halitajwi.

Hapo sikufikiria vizuri mwanangu. Jina halikutajwa, basi Munje nzima ikaanza kujikagua. Hata alasiri haijafika, Bi Twaiba huyo, analia, kanibebea mbuzi yangu ya kukunia nazi niliyoitafuta tangu harusi ya dada yako. "Nisamehe dada, nilidhani yangu!" Mwero akaja kusema ni yeye aliyekata tawi la mkorosho wetu. Na kuna mtu kaacha kuku uani, kamfunga miguu, akakimbia. Mpaka leo sijui ni kuku wa nani. Baba yako anasema tumngoje mwenyewe. Mimi naona ameshaanza kutaga.

Habari ikapanda barabara mpaka Mwabungo. Jumatano Abdulrahim akaja, mamake mzazi amemshika mkono kama mtoto wa madrasa. Macho yamemtoka. Kumbe tumbo linamkata tangu Jumatatu. Mimi nadhani ni viazi karai vya pale stendi, lakini sikumwambia.

Akasema yote. Betri aliyotufungia ilikuwa imetumika hotelini mpaka ikachoka. Ile mpya uliyoilipia wewe kwa jasho la kulea watoto wa watu, alimuuzia mtu mwingine. Mamake akajifunika uso kwa leso. Nikamwambia kijana alete betri, na akaileta siku hiyo hiyo, mpya. Akaifunga nami nimesimama nyuma ya shingo yake. Wali hakupata. Hata maji hakupata mpaka friji iliponguruma. Dawa imerudi nyumbani.

Kisha akapiga magoti nimwambie Maalim isisomwe. Baba yako, moyo wake unaujua, kishaanza, "Yameisha mwanangu..." Nikamkatiza. Nikasema, "Mwenye betri si mimi. Mwenyewe yuko Maskati. Radhi ni yake."

Akatoa simu mbio. "Nipe namba yake mama, nimpigie sasa hivi."

Nikamjibu, "Baba, jambo zito kama hili haliombwi kwa simu. Mtandao wenyewe si unaujua?"

Mamake akacheka ndani ya leso. Niliyaona mabega.

Basi nikamwambia nitaandika barua, iende na Rispah mwenzako anayerudi kazini wiki hii, nawe ujibu kwa mkono wako. Maalim amekubali kungoja. Haijasomwa, haijafutwa. Sasa Abdulrahim anapita kila siku kuuliza. Anapangusa vumbi la paneli bila kutumwa, analeta matikiti maji, anamuuliza baba yako sukari imeamka ngapi. Tumbo likimnguruma anashika ukuta.

Baba yako anasema mwezi mtukufu umekaribia, watu wanaombana radhi, tusifunge na kinyongo. Amenituma nikwambie usamehe. Nimekwambia, hayo ni yake.

Bi Twaiba anakusalimia, dada yako na wanawe wanakusalimia, Maalim pia. Abdulrahim anakusalimia sana, kila siku anakusalimia. Mungu akulinde na macho ya watu, akurudishe kwetu na afya yako, amin.

Yangu mimi ni haya. Msamehe, mwanangu, sikukatazi. Lakini mimi ndiye niliyemuinua baba yako pale uani. Jibu usimpe mtu anayekuja upesi. Tafuta anayekuja baada ya Idi, umpe huyo.

Ni mimi mamako, nisiyechoka kukuombea,
Mwanapili