Bibi Harusi wa Buluk

Shangazi Mwanaidi, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila jua la Juba linachoma hata kivulini. Uliniuliza mji huu ukoje. Jana mchana nilikuwa Buluk, mtaa mmoja wa hapa Juba, nakula samaki wa mto Nile kwa mama mmoja Mganda. Unga, nyanya na mafuta yake, vyote huja kwa lori kutoka kwao.

Askari wakafunga barabara kwa sababu mkubwa fulani wa serikali alikuwa anapita. Magari yakazimwa. Kutoka kwenye gari moja akashuka bibi harusi na shela lake, akaketi kwenye benchi letu.

"Mimi iko na njaa tangu asubuhi," alisema. Alikulia ukimbizini Uganda, ndiko alikojifunza Kiswahili.

Mama alimfunga kitenge kifuani gauni lisichafuke, akampa samaki. Alikula bila haraka, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kanisani, ambako padri alikuwa na harusi nyingine baada ya yake. Msafara haukuonekana. Akanawa mikono, akamwendea askari mmoja.

"Mkubwa yako anapita kila siku," alimwambia. "Mimi naolewa leo tu."

Askari alimtazama, kisha akageukia upande mwingine. Bibi harusi akainua gauni, akavuka ile barabara tupu peke yake. Mama Mganda akapiga kigelegele, na madereva wakamjibu kwa honi mpaka bibi harusi akaingia kanisani.

Mungu akupunguzie maumivu ya magoti, shangazi. Nakukumbuka sana.

Mwanao,
Rehema