Jiwe Nililolitoa kwenye Mlango wa Maji

Bunia, Jumanne. Mawingu mazito tangu asubuhi, na nina hasira ambayo hata vikombe viwili vya chai havikuipunguza.

Kazi yangu ni kukagua milango ya maji. Chini ya Bigo, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna bomba kubwa la saruji linalopeleka maji ya mtaa mtoni. Mtu anaweza kupita ndani yake kwa magoti. Mwisho wake kuna kifuniko cha chuma. Maji ya mtaa yakija, kinafunguka. Mto ukijaa, kinajifunga, ili maji yasirudi kwenye hema za watu waliokimbia vita Djugu.

Mwezi uliopita nilikuta jiwe limebanwa pale, kifuniko kimebaki wazi. Nilitukana. Nikalitoa, nikalisukumia mtoni, nikaandika "bon état", hali nzuri, kwenye fomu. Mkuu wangu alinisifu mbele ya wenzangu, na nilifurahi kweli.

Leo nimekuta jiwe lingine, kubwa kuliko lile. Nimefoka peke yangu: watu gani hawa wanaojiletea mafuriko wenyewe? Nikashika mtaimbo nilitoe.

Mama Furaha, ambaye hema yake ndiyo ya kwanza ukitoka mtoni, akaja akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Acha iyo jiwe, papa. Siku ile wenye bunduki walitushambulia, siye tuliingia mu tuyo, mu iyi bomba, na watoto. Tulijua kule mwisho iko wazi, tuliwekaka jiwe. Tukakuta jiwe haiko, imefungwa. Mama yangu alikuwa wa mwisho, miguu yake ilibakia inje. Masasi ya bunduki ikamukuta pale."

Nikamuuliza kama hawakuweza kukisukuma. Swali la kijinga. Kifuniko kile ni kizito, na mtu aliyepiga magoti kwenye tope hana nguvu ya kukiinua. Mimi najua hilo kuliko yeyote.

Mtaimbo nimeurudisha kwenye pikipiki.

Ofisini mkuu amewaka. Mvua zinakaribia, anataka jiwe litoke kabla ya Ijumaa, hema zisifurike. Na hapo ana haki, ndiyo maana nimezidi kukasirika. Nani alitunga fomu inayouliza kama mlango unafunga, isiulize nani anapita humo? Nina hasira na wenye bunduki. Nina hasira na mkuu. Lakini zaidi nina hasira na mimi, niliyelitoa jiwe lile bila kubisha hata kwenye hema moja kuuliza kwa nini liko pale.

Visanduku vya fomu nimeviacha vitupu. Nimeandika pembeni kwa mkono: jiwe linabaki mpaka watu hawa wapate njia nyingine ya kutokea. Jiwe la kwanza nililitoa mimi, na mtu amekufa. Nikatia sahihi.

Asubuhi naenda na koleo kuchimba mfereji kuzunguka hema ya Mama Furaha, ili mto ukijaa maji yasimfikie.

Sijui kama ataitikia salamu yangu.