Mkono wa Rotich, Siku ya Mtakatifu Laurenti

Parokia ya Kwanza, 18 Julai 1993

Kwako Mama wa ubatizo,

Sisi hatujambo, ila mvua imezidi na mahindi yanageuka manjano. Mguu wako je? Na hapo Kanduyi mnalala vipi?

Mama, Padre ametangaza kwamba tarehe kumi Agosti tutaadhimisha tena sikukuu ya somo wa parokia, Mtakatifu Laurenti, mara ya kwanza tangu mchomewe nyumba kwa sababu ya kabila. Shemeji yangu Rotich, ambaye analima shamba lako tangu mkimbie, amesema atatoka kukuchukua mlangoni kama ilivyo desturi. Njoo. Watu wakiona hivyo, utarudi nyumbani.

Mwanao,
Jelimo

Kanduyi, 27 Julai 1993

Mwanangu Jelimo,

Salamu zimefika, na mguu unanibeba. Tunalala wengi chumba kimoja. Anayekoroma hutolewa nje, na mara nyingi ni mimi.

Desturi hiyo naijua. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwapo ilipoanza. Mwenye ugomvi na jirani haingii kanisani siku ya somo mpaka jirani atoke, amshike mkono, waingie pamoja. Wakishaingia, ugomvi umekwisha na hautajwi tena. Nimeona watu wakisimama nje mpaka Misa inaisha. Kwetu hiyo ndiyo maana ya sikukuu. Wali na ngoma ni vya watoto.

Nauliza jambo moja tu: Rotich ataniachia shamba langu?

Mama yako,
Nasimiyu

Kwanza, 4 Agosti 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimemuuliza. Alicheka akasema, "Mwambie mama mwalimu aje kwanza. Mambo ya shamba huzungumzwa na watu walioshikana mikono." Nimeona ni neno zuri.

Mwanao,
Jelimo

Kanduyi, 30 Agosti 1993

Jelimo,

Natumaini watoto hawajambo.

Uliona mwenyewe Rotich alivyotoka, akanishika kwa mikono miwili, na akina mama wakapiga vigelegele. Lakini Alhamisi, kwa chifu, hukuwapo. Nilipodai shamba langu, Rotich aliwageukia wazee, akauliza kwa upole, "Huyu mama si tulimalizana kanisani?" Wakakubali kwamba tulimalizana. Chifu, ambaye siku ya somo alikaa benchi la mbele, aliniuliza nataka ugomvi gani tena ambao Mungu ameshaumaliza. Desturi waliitaja sawasawa.

Ulijua?

Nasimiyu

Kanduyi, 16 Januari 1994

Mwanangu Jelimo,

Sijapata barua yako tangu sikukuu, kwa hiyo sijui kama mko wazima. Swali langu liache. Unaishi boma moja na shemeji yako, na una watoto wa kulea.

Hapa wananicheka, ati mwalimu mzima amenyang'anywa shamba kwa kusalimiwa. Wananiuliza kwa nini sikuukataa ule mkono. Nawaambia siku ya somo mkono haukataliwi; ukikataliwa, kanisa linabaki jengo tu. Siku nyingine yoyote ningemwambia Rotich arudishe shamba kwanza, ndipo tusalimiane.

Naye alilijua hilo vizuri. Katekisimu nilimfundisha mimi.

Mama yako wa ubatizo,
Nasimiyu